Alama zikilingana tupeni mechi, si kikokotoo

Hebu niambie ukweli, msomaji. Ungekuwa shabiki sugu wa Kakamega Homeboyz mwezi Juni 2022, ungepata usingizi?

Timu yako imecheza mechi 34. Imekaa kileleni mwa jedwali kwa muda mrefu hadi hata sisi tusio wa Kakamega tukaanza kuamini kuwa safari hii kombe linavuka Bonde la Ufa. Siku ya mwisho inafika. Homeboyz wana mechi yao, Tusker wana yao, na simu zinapitishwa mkono kwa mkono watu wakiulizana, "Huko ni ngapi?" Hesabu ikifungwa mna alama 63. Tusker pia wana 63. Kombe linaenda Ruaraka kwa tofauti ya mabao, na siku hiyo ya kuamua bingwa hamkukutana na mpinzani wenu ana kwa ana hata kwa dakika moja.

Sisemi Tusker waliiba. Kanuni ilikuwa hiyo, kila mtu aliijua tangu mwanzo, nao walifanya lililowapasa. (Kwamba baadaye ofisi zilianza kuvutana kuhusu msimu wenyewe, na kwamba FIFA ilikuwa tayari imetufungia mlango, hayo tuyaweke kando leo. Tukiyaanza hatutamaliza.) Ninachosema ni kwamba kanuni yenyewe haina ladha, na mwaka huo huo nilionyeshwa jinsi ambavyo ingeweza kuwa.

Ilikuwa Jumamosi, Novemba 5, 2022, saa tano usiku kwa saa zetu. Nilikuwa kwa mjomba mtaani Umoja, mimi na binamu yangu, simu moja imeegemezwa kwenye thamosi, bando ya kuungaunga. Yeye alikuwa ameshaanza kulalamika. "Hii ni ligi gani bana? Watu wanacheza mwaka mzima halafu wanaanza upya?" Ni shabiki wa Arsenal, kwa hivyo ana uzoefu wa kulalamika.

Tulikuwa tunatazama fainali ya ligi ya Marekani, MLS: Los Angeles FC dhidi ya Philadelphia Union. Na hapa sikiza vizuri. LAFC walikuwa wamemaliza mechi 34 na alama 67. Union, mechi 34, alama 67. Hadithi ni ile ile ya Tusker na Homeboyz, miezi 5 tu baadaye, upande ule mwingine wa dunia. Kikokotoo kilitumika, ndiyo, lakini kuamua tu nani angekuwa mwenyeji iwapo wangefika mwisho: LAFC walikuwa na ushindi mara 21, Union mara 19. Kombe lenyewe lilibidi lichezewe.

Kwanza nikueleze mchujo wao ulivyokwenda mwaka huo, maana wengi wetu tuliisikia ligi hiyo Messi alipohamia Miami. Imegawanywa Mashariki na Magharibi. Mwaka huo ilikuwa na timu 28, na kila upande ukatoa 7 kuingia mchujoni. Aliyemaliza kileleni mwa upande wake alipumzishwa raundi ya kwanza. Kuanzia hapo ilikuwa mechi moja moja, aliyemaliza juu alichezea nyumbani, hakukuwa na marudiano. Ukiteleza, ulifunga virago.

Union ndio niliowapenda. Uwanja wao uko Chester, mji mdogo kando ya mto Delaware, nje kidogo ya Philadelphia. Waliingia MLS mwaka 2010 na walikuwa hawajawahi kubeba kombe hilo. Si timu ya kumwaga pesa. Wanalea vijana kwenye akademia yao, wanawapa mechi, kisha wanawauza Ulaya: Brenden Aaronson alikwenda Salzburg, Mark McKenzie akaenda Genk. Mwaka 2022 kikosi chao chini ya kocha Jim Curtin kilifungwa mabao 26 pekee msimu mzima, na chenyewe kikatikisa nyavu mara 72. Langoni alisimama Andre Blake wa Jamaika. Mbele, Mhungari Dániel Gazdag alipachika mabao 22. Nyumbani kwao hakuna aliyewafunga mwaka huo.

Lakini walikuwa na kidonda. Desemba 2021 walikuwa wamefika fainali ya Mashariki dhidi ya New York City FC, nyumbani, na wachezaji 11 wakafungiwa nje kwa sababu ya masharti ya Covid-19. Wachezaji 11, yaani timu nzima. Waliobaki walipigana hadi wakaenda 2-1, na NYCFC wakaendelea hadi kuchukua ubingwa.

Kwa hivyo mchujo wa 2022 kwao ulikuwa na deni ndani yake. Oktoba 20 walipata shida kuwatoa FC Cincinnati, timu iliyokuwa imeburura mkia wa ligi nzima misimu 3 mfululizo na sasa imefufuka. Bao moja la Leon Flach likatosha. Upande wa pili wa jedwali lao, Wakenya tulikuwa na mtu wetu. Montréal ya Victor Wanyama ilikuwa imemaliza ya pili Mashariki kwa alama 65, pungufu kwa 2 tu ya hao wakubwa. Waliwapiga Orlando City 2-0, halafu wakapokezwa kichapo cha 3-1 nyumbani na nani? NYCFC hao hao. Alama 65 zikayeyuka jioni moja. Binamu yangu alikuwa na hoja hapo, nakubali.

Oktoba 30, NYCFC wakarudi Chester. Wakatangulia kufunga kipindi cha pili kupitia kwa Maxi Moralez, na kama wewe ni shabiki wa Union hapo unaanza kuwaza mambo ya uchawi. Kisha Julián Carranza akasawazisha, Gazdag akaongeza dakika 2 baadaye, Cory Burke akafunga hesabu. 3-1. Deni limelipwa.

Los Angeles FC ni kabila jingine kabisa. Klabu ilianza kucheza mwaka 2018, ina jiji, ina pesa, na katikati ya mwaka 2022 ilimleta Giorgio Chiellini kutoka Juventus na Gareth Bale kutoka Real Madrid. Lakini nao walikuwa na historia yao ya kuumizwa na mchujo. Mwaka 2019 walimaliza msimu na alama 72, nyingi kuliko timu yoyote ya MLS hadi wakati huo, halafu Seattle Sounders wakaja kwao na kuwapepeta 3-1 katika fainali ya Magharibi. Msimu bora katika historia ya ligi, na hata fainali hawakuiona.

Sasa 2022 kikwazo chao cha kwanza kilikuwa majirani, LA Galaxy. Fikiria debi ya Mashemeji lakini atakayeshindwa hana mechi nyingine hadi mwaka ujao. Denis Bouanga, yule Mgabon, akafunga. Galaxy wakasawazisha. Bouanga akafunga tena zikiwa zimesalia dakika 10. Galaxy wakasawazisha tena. Watu wanajiandaa kwa muda wa ziada, Cristian Arango akaupata mpira mbele ya lango dakika za majeruhi na kumaliza kazi, 3-2. Austin FC waliofuata hawakusumbua sana: 3-0, la mwisho likitiwa na kijana wa Ghana, Kwadwo Opoku.

Haya, fainali. Nitaikawiza kidogo hapa, univumilie.

LAFC walitangulia kwa frikiki ya Kellyn Acosta iliyogonga mtu ukutani na kumpoteza Blake. Gazdag akasawazisha baada ya mapumziko. Dakika ya 83, beki Jesús Murillo akafunga kwa kichwa, 2-1, uwanja mzima ukalipuka, na mjomba akatoka chumbani kutuuliza kama tunajua ni saa ngapi. Kabla hajarudi kitandani, Mwingereza Jack Elliott, naye beki, alikuwa amesawazisha. Hizo ni dakika 2 tu.

Muda wa ziada. Dakika ya 110, mpira unarudishwa nyuma vibaya, Cory Burke anaukimbilia, kipa wa LAFC Maxime Crépeau anatoka nje ya kijisanduku chake kama lori lililokatika breki. Wakagongana. Mguu wa Crépeau ulivunjika. Refa alimpa kadi ya njano kwanza, akaenda kutazama video, akarudi na nyekundu. Jamaa amelala kwenye machela, mguu umefungwa, na anaonyeshwa kadi nyekundu. Alikuwa akitarajiwa kwenda Qatar wiki chache baadaye na Canada, ambao walikuwa hawajaingia Kombe la Dunia tangu 1986. Safari hiyo iliishia pale pale kwenye nyasi.

Aliyeingia kuchukua nafasi yake anaitwa John McCarthy. Alikaa benchi karibu msimu mzima. Na unajua ni mtu wa wapi? Philadelphia. Amezaliwa huko, amesoma chuo huko, na amechezea Union kuanzia 2015 hadi 2018. Mwaka ule wa 2015 alikuwa katika kikosi cha Union kilichopoteza fainali ya kombe la US Open kwa penalti, mbele ya watu wao.

LAFC wakabaki 10. Dakika ya 120 na 4 za nyongeza, purukushani langoni, McCarthy akapangua, mpira ukamwangukia Elliott tena. 3-2. Beki ambaye kazi yake ni kuzuia amefunga mara 2 kwenye fainali, na Union wako dakika chache kutoka kwa ubingwa wao wa kwanza. Binamu yangu, ambaye tangu saa tano alikuwa anasema hii si ligi, alikuwa amesimama juu ya kiti cha shangazi.

Bale alikuwa ameingia katika muda wa ziada. Msimu mzima hakuwa amefanya makubwa huko. Dakika ya 128, krosi ya Diego Palacios kutoka kushoto, Bale akaruka juu ya Elliott na kuipiga kichwa. 3-3.

Penalti. LAFC walianza kwa kukosa, Blake akiiokoa. Gazdag akaja, yule wa mabao 22, akateleza, mpira ukapaa juu. Bouanga akafunga. McCarthy akaokoa ya José Martínez. Ryan Hollingshead akafunga. McCarthy akaokoa ya Kai Wagner. Ilie Sánchez akamaliza. 3-0 kwenye mikwaju, na mchezaji bora wa fainali akatangazwa kuwa kipa wa akiba kutoka Philadelphia, aliyewanyima watu wa Philadelphia kombe.

Sasa nakurudisha nyumbani, na hapa nataka tubishane.

Binamu yangu ana hoja 2 nzito. Ya kwanza anaijua kwa sababu nilimpa mwenyewe bila kutaka. Tulipiga hesabu asubuhi yake. Union: mabao 72 ya kufunga, 26 ya kufungwa, tofauti 46. LAFC: 66 ya kufunga, 38 ya kufungwa, tofauti 28. Kwa kanuni yetu ya Kenya, bingwa wa 2022 ni Philadelphia Union, bila wasiwasi wowote, tangu Oktoba. Timu ndogo iliyolea vijana wake ingebeba kombe, na timu ya Bale na Chiellini ingetazama kwa televisheni. "Sasa niambie," akasema, "haki ni ipi hapo?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitakudanganya kwamba ninalo la uhakika sasa. Gazdag kuteleza si ushahidi wa lolote. Lakini waulize Union wenyewe wangependa ipi: kuitwa mabingwa kwa sababu siku moja mwezi Julai waliwatandika DC United 7-0, au kuwa dakika chache kutoka kwa kombe, mguuni mwao wenyewe, mbele ya mtu wanayemtaka? Zile 7-0 ndizo zinazojenga tofauti ya mabao. Unampiga aliyelala, unazidi kumpiga, halafu mwisho wa mwaka zinahesabiwa dhidi ya mtu ambaye hakuwepo siku hiyo. Homeboyz hawakushindwa na Tusker siku ya mwisho. Walishindwa na mabao ambayo timu nyingine zilifungwa miezi iliyopita.

Hoja yake ya pili ni Manchester City 2012. City na United, alama 89 kila mmoja, Sergio Agüero anafunga dakika za majeruhi, kombe kwa tofauti ya mabao. Nani atasema ile haikuwa na ladha? Siwezi. Ila nilimkumbusha kitu cha klabu yake mwenyewe. Mei 26, 1989, Arsenal walikwenda Anfield wakihitaji kuifunga Liverpool kwa mabao 2. Wakashinda 2-0, Michael Thomas akifunga la pili mwishoni kabisa. Timu zote mbili zikawa na alama 76 na tofauti sawa ya mabao, Arsenal wakachukua kombe kwa kufunga mengi. Binamu yangu hakuwa amezaliwa, wala mimi, lakini anaisimulia kama alikuwa pale langoni. Kwa nini hiyo? Ratiba ilikuwa imewakutanisha wawili wanaogombea kombe, siku ya mwisho, kwenye uwanja mmoja. Ilitokea kwa bahati. Mimi naomba tuache kutegemea bahati.

Na siombi mchujo wote wa Wamarekani. Timu ya 7 kuchukua ligi hapana, hapo niko upande wa binamu na upande wa Wanyama. Naomba kitu kidogo: timu 2 zikimaliza kileleni na alama sawa, zipewe mechi moja. Waitaliano wanayo kanuni hiyo kuanzia msimu wa 2022-23: wakilingana kileleni wanacheza mechi moja ya kuamua, na sare baada ya dakika 90 inakwenda moja kwa moja kwa penalti. Si jambo jipya kwao pia. Mwaka 1964 Bologna na Inter walilingana kwa alama 54, wakakutana Roma, Bologna wakashinda 2-0. Watu wa Bologna wanaizungumzia hadi leo.

Utaniambia gharama. Mechi moja, bana. Basi moja kutoka Kakamega, basi moja kutoka Nairobi. Tumezoea kuona mechi za ligi yetu zikichezwa mbele ya mashabiki wachache na wauza njugu wengi kuliko mashabiki. Mechi ya kuamua bingwa ingejaza uwanja, na wewe unajua, kwa sababu wewe mwenyewe ungeenda. Mchuuzi wa jezi angeuza. Mama wa mahindi angeuza. Kituo cha televisheni kinachosita kununua mechi 300 kwa msimu hakiwezi kukataa hiyo moja.

Lakini hata pesa sio inayonisumbua usiku. Kinachonisumbua ni yule kijana wa benchi. Ligi yetu imejaa kina McCarthy, vijana wa miaka 20 na 21 wanaovaa glavu kila Jumamosi, wanapasha misuli moto, wanakaa chini. Anayetazama ni nani? Msimu unaisha Jumapili fulani ya Juni, viwanja 9 kwa wakati mmoja, macho yamegawanyika, kila mtu anauliza huko ni ngapi. Hakuna jioni moja ambayo nchi nzima inatazama lango moja. Wachezaji wa Homeboyz walistahili jioni hiyo. Hata wa Tusker, ukiniuliza mimi, walistahili kuulizwa swali hilo na kulijibu kwa miguu, badala ya kila mara kuambiwa "mlichukua kwa mabao".

Binamu yangu bado hajanikubalia. Juzi amenitumia ujumbe: "Sawa, tuseme iwe. Uwanja gani?" Nikamwambia Bukhungu, akasema Tusker watakataa. Akasema Nairobi, nikamwambia Homeboyz watakataa. Tumekubaliana Nakuru, maana iko katikati ya barabara na nauli yake ninaweza kuipata.